Violini Kumi na Kuku Mmoja

Violini kumi zilipofika shuleni kwetu, mtu wa kwanza kuziogopa nilikuwa mimi. Watoto walishangilia, walimu wenzangu walipiga nazo picha, mwalimu mkuu akashika moja miguu juu kichwa chini na kutabasamu mbele ya simu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu na karatasi ya kusaini mkononi. Karatasi ilisema vyombo vile ni mali ya wafadhili, shule imepewa ivitumie, na visipotunzwa vitachukuliwa vipelekwe shule nyingine, mkoa mwingine. Chini kabisa palikuwa na mstari wa nukta, na mbele yake maneno mawili: mwalimu mtunzaji. Nilisaini, na jina langu likatoka limepinda.

Nieleze kwa nini mimi. Shule yetu ni ya msingi, ya serikali, pembeni mwa Dodoma, mahali ambapo si miaka mingi iliyopita palikuwa na mashamba ya uwele na mizabibu ya watu wawili watatu, na sasa kila ukigeuka unaona nyumba iliyoota nondo. Nafundisha Kiswahili na sanaa. Mwaka mmoja niliwafundisha darasa la saba wimbo wa mahafali ukatoka vizuri, na kwa utaratibu wetu, ukifanya jambo moja likatoka vizuri basi umelipata la maisha. Muziki wangu wote ulikuwa dufu na kaswida za utotoni kule Kondoa. Violini nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Wenzangu walinitania wiki nzima kwamba sasa nitaanza kuvaa gauni refu jeusi na kuinamia watu.

Vyombo vilitoka kwa kikundi cha wanamuziki wastaafu wa Ulaya, waliozunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya violini zilizolala bila kazi. Ndani ya kila kasha mlikuwa na kadi iliyoandikwa kwa mkono na aliyeitoa. Nyingi zilikuwa za kawaida, salamu na kila la heri. Moja ilisema hivi kwa Kiingereza chepesi: hii ilikuwa ya mama yangu, aliipiga kila Jumapili mpaka vidole vilipokataa. Kadi ile ndiyo iliyonimaliza. Kitu cha serikali kikiharibika mnaandikiana barua yanaisha. Kitu cha mama wa mtu, tena mama aliyekufa, sikujua kikiharibika unamwandikia nani.

Violini ya kadi ile ilimwangukia binti mmoja wa darasa la sita. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, akiishi na bibi yake kule bondeni nyuma ya machimbo ya kokoto. Alikuwa na tabia ya kuniamkia kila tunapokutana, hata mara nne kwa siku, kana kwamba shikamoo ya asubuhi imeshapoa. Wenzake walipopewa violini walizikumbatia na kukwangua nyuzi. Yeye aliiweka begani, akalaza shavu, akakaa kimya kwanza. Baadaye nilikuja kujua kwamba marehemu babu yake alikuwa mpiga zeze, lile zeze la Kigogo la kibuyu na mti, ambalo nalo hupigwa kwa upinde. Katika wiki tatu alikuwa amewaacha wote nyuma, na mimi mwalimu wake pia.

Muhula ule alikuwa akija dada mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, kila Jumamosi, kutufundisha sote, watoto na mimi. Alitufundisha kushika upinde, kukaza vigingi vya nyuzi, kusugua zile singa za upinde, za mkia wa farasi, kwa kipande kigumu chenye rangi ya asali ili zishike uzi. Kisha akahitimu, akarudi kwao Mwanza. Siku ya kuaga alinivuta pembeni.

"Mwalimu, hali ya hewa ya huku siyo friendly kabisa kwa hivi vyombo. Adui yake ni ukavu. Zisikauke, tafadhali, zisikauke."

Akanieleza na namna ya kufanya. Nakumbuka kabisa kwamba alinieleza. Lakini siku ile nilikuwa na makaratasi ya mitihani ya darasa la nne mezani, na akili yangu ilishika neno moja tu, zisikauke.

Kisha kikaja kiangazi. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Upepo unatoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi lilelile, midomo inapasuka, visigino vinafunguka, nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Mwezi wa tisa, saa nane mchana, nikiwa nasahihisha madaftari peke yangu ofisini, nilisikia kitu kimealika ndani ya kabati la chuma. Mlio mmoja, kama kijiti kinachovunjwa. Nilijua ni nini kabla sijainuka. Nilifungua makasha moja baada ya jingine, na katika la nne nikaiona: ufa mwembamba, urefu wa kidole, umeshuka kwenye tumbo la violini.

Sikumwambia mtu. Nilifunga kasha, nikafunga kabati, nikaendelea kusahihisha, na madaftari yale yote nilikuja kuyasahihisha upya kesho yake. Wiki iliyofuata nyingine ikaachia gundi ubavuni. Nikaanza kuota kabati. Nikiwa darasani natega sikio upande wa ofisi, na mtoto akidondosha rula nashtuka mpaka darasa zima linacheka.

Hapo ndipo nilipowaza kama mtu wa kwetu. Kwa mama yangu Kondoa, kitu cha mti hulishwa mafuta. Kinu kipya hakitiwi mtama kabla hakijalala na mafuta siku mbili. Mpini wa jembe, kata, kigoda, mlango unaogoma, vyote vinalishwa. Mama husema "kilishe" vilevile anavyosema mlishe mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa napaka visigino vyangu kila asubuhi visipasuke. Violini ni mti. Nilishangaa kwa nini sikuwaza mapema.

Ijumaa moja baada ya watoto kutawanyika nilikuja na mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa mtaani, kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nilizipaka zote. Nilianza na tumbo, nikaenda mgongoni, shingoni, kwenye vigingi, kwenye nyuzi. Ziling'aa! Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa uanze nilipumua mpaka chini. Binti yule akaingia na ufagio, maana ilikuwa zamu yake ya usafi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Weka ufagio, chukua kitambaa. Mimi namalizia hizi, wewe paka pinde. Mti wake na singa zake."

Alichukua kitambaa. Alipaka mti wa upinde wa kwanza vizuri, alipofika kwenye singa akasita.

"Mwalimu," alisema akitazama sakafu, "kwa babu, upinde wa zeze hatukuwa tunaweka mafuta. Tunapaka utomvu. Alikuwa anasema mafuta yanaua sauti."

"Hili si zeze," nilimwambia. "Hiki ni chombo cha kisasa. Fanya nilivyokuambia."

"Ndiyo, mwalimu."

Akafanya, pinde zote kumi, mpaka singa zikalala na kung'aa. Kwamba kile kipande chenye rangi ya asali tulichokuwa tunakisugua kila Jumamosi kilikuwa utomvu vilevile, mtu mzima mimi sikuliwaza. Nilikuwa na diploma, na yeye alikuwa na babu aliyekufa.

Jumatatu asubuhi, kwenye mstari, mwalimu mkuu alisoma ujumbe kwamba wafadhili wamebadilisha ratiba. Badala ya mwezi wa kumi na moja wangefika Jumanne ya wiki inayofuata, na ofisa elimu angekuja nao. Wangependa kusikia watoto wakipiga. Watoto walipiga makofi. Mimi nilifurahi, naapa. Nilijiona mtu aliyeoga mapema kabla mgeni hajabisha hodi.

Mchana tukakaa kwa mazoezi. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na watoto kumi wakavuta pinde kumi.

Hakukuwa na sauti. Pinde zilienda na kurudi, mikono ilikuwa sawa, vidole vilikuwa mahali pake, na chumba kilikuwa kimya isipokuwa mnong'ono kidogo, kama mtu anayefuta meza. Watoto wakatazamana, mmoja akacheka. Binti yule hakucheka. Aliweka upinde wake mapajani taratibu, akainamisha kichwa.

Nilijaribu kila kitu. Nilisugua kile kipande cha utomvu kikageuka uji juu ya singa. Nilifuta kwa kanga, nikafuta kwa karatasi ya chooni, nikaanika pinde juani dirishani. Jumanne hivyohivyo, na Jumatano asubuhi mwalimu mkuu akaja kusikiliza maandalizi.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu mpole. Hajawahi kupandisha sauti. Tungependa apandishe, maana akiishiwa subira nawe husema tu "hebu kaa, mwalimu," na ukikaa miguu inakufa ganzi. Alichukua upinde mmoja, akapitisha vidole kwenye singa, akavinusa.

"Hebu kaa, mwalimu. Hizi zimepakwa mafuta. Funguo za kabati anazo nani?"

Ilikuwa rahisi kiasi gani pale! Maneno mawili tu, ni mimi. Nikaiona ile karatasi niliyosaini, nikaona barua ya kujieleza, uhamisho wa kwenda shule isiyo na barabara, na yule marehemu wa Jumapili ambaye sijawahi kumwona akinitazama na vidole vyake vilivyokataa.

"Ninazo mimi," nikasema. "Na binti wa darasa la sita ana ufunguo wa akiba. Huwa anawahi kufanya mazoezi."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Ufunguo nilimpa mwenyewe, kwa sababu mimi natoka mbali, mtaa wa Kikuyu, na asubuhi nafika kengele ikishagonga. Nimejitetea kwa ukweli huo mara nyingi, na haujawahi kunitosha.

Binti akaitwa. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Hizi pinde zimepakwa mafuta," mwalimu mkuu alisema kwa upole wake. "Unajua habari hiyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe ulipaka?"

Akanitazama. Sikuona lawama kwenye macho yale, na hilo ndilo linalonisumbua. Aliningoja tu, kama walivyokuwa wakiningoja wote nihesabu moja, mbili, tatu. Mimi nikageukia ratiba ya vipindi ukutani, nikaisoma. Jumatano, kipindi cha tatu, Hisabati.

"Nisamehe, mwalimu," binti akasema.

Anayetufahamu anajua neno hilo linavyotoka. Mtoto wa huku akiona mkubwa amekasirika huomba msamaha kwanza, kosa litatafutwa baadaye. Ndivyo tunavyowalea, na tunawasifu kwa hilo kwamba wana adabu. Mwalimu mkuu analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Lakini alikuwa na wageni Jumanne na ofisa elimu juu yake, na neno lile lilifaa. Akasema binti ametolewa kwenye kikundi, arudishe ufunguo, na kesho aje na mlezi wake. Ufunguo binti aliuweka mezani mbele yangu, si mbele ya mwalimu mkuu.

Alhamisi bibi yake alikuja, mzee mfupi, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, miguu imejaa vumbi la machimbo. Kwapani alikuwa na kuku, tetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa utepe wa kitambaa.

"Mbukwenyi," alisalimu mlangoni, kisha akaingia. Sote wawili, mwalimu mkuu na mimi, tukainuka tukamwamkia.

Alielezwa. Alisikiliza bila kukatiza, akaomba aone huo upinde. Akaunusa.

"Alizeti," akasema. "Mimi Kiswahili changu kidogo, walimu, mtanisamehe. Huyu mtoto amekua kwenye mgongo wa babu yake, na babu yake anapiga zeze. Huyu hawezi kuweka mafuta kwenye uzi. Ukimwambia weka, ataona vibaya."

"Mama, lakini amekiri mwenyewe," mwalimu mkuu alisema.

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Umesema nini?"

"Nimeomba msamaha, bibi."

"Haya." Akatugeukia. "Basi na mimi naomba."

Akasimama. Nilidhani atamwendea mwalimu mkuu, nadhani hata yeye alidhani hivyo, maana alianza kunyoosha mikono kukataa. Bibi alimpita akaja kwangu.

"Mwalimu wake ni wewe. Pokea, umwonee huruma mtoto."

Nikampokea. Mikono miwili, kwa heshima, nikiwa nimepiga goti kidogo kama nilivyofundishwa kupokea kitu kwa mtu mzima. Kuku alikuwa wa moto, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio mikononi mwangu kama wangu ulivyokuwa ukienda. Nilisema asante. Kuna siku naikumbuka ile asante nikiwa nafua au nachambua mchele, na nalazimika kuacha ninachofanya.

Nikampeleka kuku nyumbani ndani ya kapu. Jirani aliuliza kuna sherehe gani. Sikula wala sikulala vizuri, na alfajiri, kabla ya kuswali, nilikuwa nimeshaamua, si kwa ujasiri, bali kwa sababu hofu ya kusema na hofu ya kutosema zilikuwa zimelingana na mimi nilichoka kukaa katikati.

Ijumaa nilimkuta mwalimu mkuu peke yake.

"Ni mimi," nilimwambia.

"Ni wewe nini, mwalimu?"

"Mafuta. Nilipaka mimi, Ijumaa iliyopita, zote. Mtoto nilimwamuru anisaidie. Alinikataza nikamnyamazisha."

Alivua miwani. Akaikunja, akaikunjua.

"Na kwa nini hukusema hapa, juzi?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi?" Alirudia kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ana ugonjwa. Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Nami nimeshapeleka taarifa kwa ofisa elimu. Kwa maandishi. Niliipeleka haraka, maana niliogopa asije akasikia kwa watu wengine."

Tukatazamana pale, watu wazima wawili. Aliniambia niandike barua ya kujieleza, na yeye ataandika taarifa nyingine, na mtoto arudi kwenye kikundi mara moja. Nikatoka mzigo umenishuka kidogo. Mchana, kabla ya kuwaruhusu, aliwaita wanafunzi wote kwenye mstari akatangaza kwamba binti yule wa violini amesamehewa, anaweza kurudi.

Amesamehewa! Nililisikia neno nikiwa nimesimama safu ya walimu. Nilielewa alichokuwa anafanya. Alikuwa ananisitiri. Kwetu mwalimu haaibishwi mbele ya wanafunzi. Akikosea huitwa ofisini, mlango hufungwa, na nje watoto huambiwa jambo jingine. Nilijua stara ile ilikuwa inalipwa na nani, na nilinyamaza tena, kwa mara ya pili. Watoto walimpigia makofi. Aliinama kidogo kuwashukuru.

Jumamosi nilishuka bondeni na kuku wangu kwenye kapu. Bibi alikuwa anapepeta mtama nje. Nilimwambia yote bila kukaa, na yeye hakuacha kupepeta.

"Najua," alisema. "Mtoto aliniambia jioni ileile."

"Basi, bibi, kuku ulimtoa wa nini?"

"Nilikuona unaogopa. Mwalimu mwenye hofu atampiga mtoto. Nikaona nikupe kuku."

Nilimnyooshea kapu, akatikisa kichwa. Kuku, alisema, alishamtoa. Akaniuliza kama nimeshaongea na mjukuu wake mwenyewe. Nikasema bado. Binti alikuwa amekwenda bombani, angerudi muda si mrefu, akanivutia kigoda nimngoje. Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nilipanda kilima kile karibu nikikimbia, kuku akipiga kelele kapuni, nikiogopa kukutana njiani na mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye ndoo kichwani.

Jumanne wakafika. Mkubwa wao alikuwa mama mzee mwenye mvi fupi na viatu vya kamba, pamoja na mkalimani na ofisa elimu, aliyekaa kiti cha mbele na kuangalia saa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kulia. Mkalimani alimweleza. Mama yule akachukua upinde, akanusa, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akacheka mpaka akashika kiuno. Alisema mwaka jana, mahali pengine, watoto walifua singa kwa sabuni ya unga zikatoka zote. Akafungua begi lake. Humo mlikuwa na singa mpya, vifungu kwa vifungu, gundi ya kuzibia nyufa, na sponji ndogo za kulowesha maji na kuweka ndani ya kabati kila Jumatatu. Sponji! Hapo nikalisikia lile neno la dada wa chuo kama vile alikuwa analisema sasa hivi. Mpaka adhuhuri violini iliyopasuka ilikuwa imebanwa kwa vibanio mezani, na pinde sita zimevishwa singa mpya. Kitu kilichonifanya nimuuze mtoto wa watu kilitengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

Binti alipiga siku ile. Alipiga vizuri, ofisa elimu akasahau saa yake, mama mzee akafumba macho. Hakuna violini iliyochukuliwa. Barua yangu ya kujieleza imo kwenye faili na haijanifanya kitu. Watu wakiniuliza yalikwishaje, huwa naishia hapo.

Lakini nilikuwa mwalimu wake, na nilimwona. Tangu arudi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kugusa chombo. Alisubiri mpaka nimwambie fungua kasha ndipo afungue. Ufunguo nilipomrudishia alirudisha mikono nyuma, akasema bora nikae nao mimi. Akikosea noti moja anatazama mlango.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimenyesha na hofu yangu yote ya ukavu imekwisha, uzi ulikatika katikati ya mazoezi. Ulikatika mikononi mwa mtoto mwingine, upande wa pili wa chumba. Ni jambo la kawaida, nyuzi hukatika. Mtoto aliyeukata alicheka na kuurusha juu. Nikasikia sauti ya chini nyuma yangu.

"Nisamehe, mwalimu."

Nikageuka. Alikuwa ameshasimama, mikono nyuma, violini ya mama wa Jumapili imelala kitini. Hajamwona aliyekata wala hajajua ni nini kimetokea. Alisikia tu kitu kimealika.

Niliogopa kuliko siku ile mbele ya mwalimu mkuu. Nilikwenda mpaka alipo, watoto tisa wakitazama, nikapiga magoti sakafuni ili nisiwe juu yake.

"Hujafanya kosa," nilimwambia. "Leo hujafanya, na siku ile hukufanya. Mafuta nilipaka mimi. Ulinikataza, ulikuwa sahihi, nikakunyamazisha. Mimi ndiye ninayekuomba wewe. Nisamehe."

Alinitazama nilivyo pale chini, na nikaona hofu inampanda usoni, kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mtoto amjibu nini mwalimu aliyepiga magoti. Alitafuta neno. Midomo ilicheza. Kisha akapata lile alilonalo siku zote.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Nikamwitikia marahaba, tukaanza kutafuta uzi mwingine.